Mikono ya Makuhani Kinywani mwa Mamba

Mwenyeji alitangulia njia akiwa amebeba vitu alivyotoa mezani: mkate mdogo mtamu, nyama ya kuchoma na gudulia la divai iliyochanganywa na asali. Wageni walimfuata hadi ukingo wa ziwa, na hapo wakamkuta aliyeandaliwa vyakula hivyo amejilaza. Alikuwa mamba. Makuhani wakamsogelea. Wengine wakamfumbua kinywa, mmoja akatia mkate, kisha nyama, halafu akammiminia kooni ile divai. Mamba akajitosa majini na kuogelea hadi ng'ambo. Hakupata hata nafasi ya kutulia, maana mgeni mwingine alikwisha kufika na sadaka yake. Makuhani wakalizunguka ziwa mbio, wakamkamata na kumlisha upya.

Kisa hiki kimeachwa na Strabo, msomi wa jiografia aliyezuru Misri yapata mwaka 25 kabla ya Kristo katika msafara wa Aelius Gallus, gavana wa Kirumi. Mji ulikuwa Arsinoe katika bonde la Faiyum, kusini-magharibi mwa Kairo ya leo. Wamisri wenyewe waliuita Shedet. Wagiriki walipoingia wakauita Crocodilopolis, yaani mji wa mamba, hadi mfalme Ptolemy wa Pili alipoupa jina la mkewe Arsinoe. Jina lilibadilika lakini mwenye mji alibaki yuleyule: Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba, aliyeabudiwa Faiyum zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla ya Strabo kuzaliwa.

Wengi husimulia mlo huo wa mamba kama kioja cha utalii wa kale, na ni kioja kweli. Ila kwa mtu anayekijua kinywa cha mamba, kuna neno moja ambalo haliwezi kupita hivihivi. Wakamfumbua.

Mamba hafumbuliwi. Misuli inayofunga mataya yake ni minene kiasi cha kutuna nyuma ya kichwa kama mashavu yaliyovimba, na inapokaza, hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuiachanisha. Mwaka 2012 mtafiti Gregory Erickson na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ya kuuma kwa aina zote 23 za jamii ya mamba zilizotambuliwa wakati huo. Aliyeongoza alikuwa mamba wa maji ya chumvi, kwa nguvu ya nyutoni 16,414, sawa na kulaliwa na mzigo wa kilo 1,670 hivi. Watafiti hao waligundua pia kwamba umbo la mdomo, liwe jembamba au pana, halina uzito mkubwa katika jambo hili; kinachoamua ni ukubwa wa mwili. Upande wa pili wa hesabu unachekesha. Misuli ya kufungua mataya ni midogo na dhaifu, hata mtu mmoja aweza kuyabana kwa mikono, na wakamataji wa leo hutumia utepe wa gundi au kamba tu.

Kwa hiyo kufunga kinywa cha mamba ni kazi ndogo, na kukifungua pasipo ridhaa yake ni muhali. Makuhani wa Arsinoe hawakuwa majabali. Walikuwa wamemfundisha. Mnyama yule alijua kwamba mikono ikifika puani mwake kuna nyama inayofuata, naye akaachama mwenyewe. Strabo aliona nguvu za makuhani. Alichokuwa anakitazama ni utii wa mamba.

Hilo si jambo la ajabu kwa watu wa Maziwa Makuu. Katika miongo iliyotangulia Vita vya Pili vya Dunia, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, aliishi mamba maarufu aliyeitwa Lutembe. Wenyeji walimwita kwa jina naye akaja kula samaki kutoka mikononi mwa watu, huku wageni wakimpiga picha. Ghuba ile ingali inaitwa Lutembe. Hakuna ushahidi wa uzi wowote kati ya Faiyum na Entebbe zaidi ya mto uleule unaotoka ziwa hilo kwenda Misri, lakini mafunzo ni yaleyale: sauti, subira na samaki.

Desturi ya Arsinoe imeacha ushahidi mwingine, na namna ulivyopatikana inapendeza kuliko ushahidi wenyewe. Mwezi wa Januari 1900, Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walikuwa wakichimba makaburi ya Tebtunis, kusini mwa Faiyum, wakitafuta hati za mafunjo. Wafanyakazi wao walitamani kukuta majeneza ya watu, lakini walichofukua ni mamba mmoja baada ya mwingine, waliokaushwa na kufungwa vitambaa. Kibarua mmoja akachoka, akampasua mamba kwa hasira. Ndani mkatoka karatasi za mafunjo. Wakaushaji wa kale walikuwa wametumia makaratasi yaliyotupwa ya ofisi za serikali kuwafungia na kuwajazia mamba wao, kama muuza karanga anavyofungia bidhaa yake kwa gazeti la juzi.

Miongoni mwa hati hizo ilikuwamo barua ya mwaka 112 kabla ya Kristo, iliyopitia kwa Menches, karani wa kijiji cha Kerkeosiris. Inaagiza maandalizi ya ziara ya Lucius Memmius, seneta kutoka Roma: nyumba za kufikia ziwe tayari, zawadi ziwepo, na vitafunwa vya kumlisha Petesouchos na mamba wenzake visikosekane. Petesouchos ndilo jina la mamba mtakatifu. Kumbe miaka 87 kabla ya Strabo, kumlisha mamba kulikuwa tayari kipengele cha itifaki, chenye bajeti na makarani wake, na agizo la kumlisha mamba likaishia kuwa kifungashio cha mamba.  

Karne nne kabla ya Strabo alikuwa amepita Mgiriki mwingine, Herodotus, mpenda habari kuliko wote. Aliyoyaandika juu ya mamba katikati ya karne ya tano kabla ya Kristo yalirudiwa na wasomi wa Ulaya kwa miaka elfu mbili. Alisema mamba hana ulimi. Alisema ndiye mnyama pekee anayechezesha taya la juu badala ya la chini. Alisema ndege mdogo huingia kinywani mwake na kumla ruba, naye mamba hafurukuti kwa kuwa anafurahia huduma hiyo.

Mambo hayo yana makosa, lakini ni makosa ya mtu aliyetazama kutoka mbali, si ya mzushi. Ulimi upo, ila umeshikana na sakafu ya kinywa kwa utando, hivyo hauwezi kutolewa nje. Taya linalochezea kwenye bawaba ni la chini kama la wanyama wengine. Lakini mamba akiwa amelala kidevu kikigusa mchanga, hana budi kuinua kichwa kizima ili aachame, na mtu aliye ng'ambo ya mto ataapa kwamba taya la juu ndilo lililopanda. Aristotle mwenyewe aliamini hivyo. Kuhusu ndege, wapo wanaotembea katikati ya mamba wakiokota wadudu, na wasafiri wengi wamedai kuwaona ndani ya kinywa, lakini picha ya kuwaridhisha wataalamu bado haijapatikana.

Herodotus anapoacha kueleza umbo la mamba na kuanza kusimulia kazi ya wavuvi, maandishi yake yanabadilika. Hapo alikuwa akisikiliza watu wanaojua. Mwindaji, asema, hutunga kipande cha mgongo wa nguruwe kwenye ndoana na kukitupa katikati ya mto. Kisha husimama ukingoni na kumpiga nguruwe mwingine aliye hai. Mamba husikia kilio, hufuata sauti, hukutana na chambo njiani, hukimeza. Watu huvuta kamba. Akishafika nchi kavu, jambo la kwanza ni kumpaka tope machoni. Bila hilo kazi ni ngumu, na likifanyika ni rahisi.

Kila hatua katika maelezo hayo imejengwa juu ya namna mamba anavyowinda. Anategea akiwa amezama, pua na macho tu yakiwa juu ya maji, masikio yakisikia vizuri. Kandokando ya mataya ana vidoti vidogo vyeusi, mamia kwa mamia. Utafiti wa Duncan Leitch na Kenneth Catania uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba vidoti hivyo vina hisia kali sana za mguso: vinatambua kiwimbi kidogo cha maji na humsaidia mamba kuelekeza kinywa mahali kitu kilipo, hata gizani. Mnyama akiinama kunywa, shambulio linakwisha kabla hajajua limeanza.

Kisha meno. Mamba wa Nile ana meno 64 hadi 68, yaliyochongoka kama vigingi, kila moja limesimama katika tundu lake, na chini yake jingine linakua tayari kushika nafasi likidondoka. Ni meno ya kushika tu. Hayakati kama ya simba na hayasagi kama ya ng'ombe. Mataya yenyewe hayawezi kwenda kushoto na kulia. Ndiyo maana nyumbu aliyekamatwa katika Mto Mara haliwi pale pale kwa utulivu. Kwanza huzamishwa. Mamba anaweza kuachama chini ya maji bila kupaliwa, kwa sababu nyuma ya kinywa kuna kizibo cha nyama kinachofunga koo. Halafu huuma sehemu moja, hukunja miguu ubavuni na kujibiringisha mwili mzima, mara kadhaa, mpaka pande linyofoke. Mamba wawili wakiushika mzoga huku na huku, kazi huwa nyepesi zaidi. Mmoja hutumika kama nanga ya mwenziwe. Pande likishanyofoka, kichwa huinuliwa juu ya maji na nyama hutupwa kooni nzima, mifupa na kwato.

Asiyetafuna humeza ndoana. Wavuvi wa Misri waliijua siri hiyo kabla ya kuwapo kwa mtu wa kuiandika. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha picha za eksirei za mamba aliyekaushwa, mwenye urefu wa mita 2.23, anayemilikiwa na makumbusho ya Birmingham. Tumboni mwake walimkuta samaki ambaye hajayeyuka, na pamoja na samaki huyo, ndoana ya shaba. Haikuwa nyama ya nguruwe, lakini Herodotus angeitambua.

Hata tope la machoni lina mashiko. Wahifadhi wa leo wanaohamisha mamba kutoka mito yenye watu humfunika macho kwa kitambaa au gunia, kwa kuwa mamba asiyeona hutulia. Mdomo nao hufungwa.

Si Wamisri wote waliomtukuza. Watu wa Tentyra, mji unaoitwa Dendera siku hizi, walimchukia mamba na walisifika kwa kumkabili ndani ya maji. Strabo anasema mamba walipopelekwa Roma kwa maonyesho, watu wa Tentyra walikwenda nao kama walezi; wakachimbiwa bwawa lenye jukwaa pembeni, wakawa wanaingia majini na kuwavuta mamba kwa wavu hadi juani ili watazamaji wawaone. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, anatia chumvi zaidi: eti mtu wa Tentyra humparamia mamba mgongoni kama farasi, na mnyama anapogeuza kichwa na kuachama, humpachika fimbo kinywani, akashika ncha zake mbili kama lijamu na kumwendesha hadi ukingoni. Fimbo ya kuhimili mataya yale ingekuwa ya namna gani, Pliny hasemi.

Kule Elephantine, karibu na Aswan, Herodotus aliambiwa kwamba watu hula mamba na hawamwoni mtakatifu hata kidogo. Ardhi imemjibu kwa sauti nyingine. Mwaka 2019, kwenye kilima cha Qubbet el-Hawa kilicho upande wa magharibi wa mto, mkabala na Aswan, wachimbaji walifukua mamba kumi waliozikwa kaburini. Watano walikuwa na sehemu kubwa ya miili na watano vichwa tu. Taarifa yao ilitoka Januari 2023, na wanakadiria kwamba mazishi hayo ni ya kabla ya enzi ya akina Ptolemy. Jirani wa mla mamba alikuwa anamzika kwa heshima.

Walitoka wapi mamba wote hao? Baadhi walifugwa. Huko Medinet Madi, ukingoni mwa Faiyum, wachimbaji wa Kiitaliano chini ya Edda Bresciani walikuta jengo lenye mayai ya mamba na birika la vitoto, yaani kituo cha kuangulia. Walioanguliwa humo wengi hawakuishi kuona ukubwa. Walikuwa wa kukaushwa na kuuzwa kwa waumini kama sadaka. Wengine walitoka mtoni. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Ufaransa lilimpima kwa miale mikali mamba mmoja aliyehifadhiwa Lyon, wa umri wa miaka mitatu au minne, akiwa na ufa katika fuvu. Alipigwa kichwani. Tumboni mwake kulikuwa na mayai, wadudu, samaki na panya. Hicho ni chakula kamili cha mamba wa umri ule: Hugh Cott, aliyechunguza matumbo ya mamba wa Uganda na Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake 1961, alionyesha jinsi mamba anavyoanza na wadudu, akapanda kwa samaki, na kuja kuwageukia wanyama wakubwa mataya yakishatanuka. Na mamba mmoja mkubwa kutoka Kom Ombo, Misri, aliye katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mwenye urefu wa karibu mita nne, picha za ndani zilionyesha tumboni mfupa wa bega la ng'ombe. Alilishwa kwa hadhi yake.

Lipo pia suala la mamba yupi. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, mwanasayansi aliyefuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, alirudi Paris na mamba waliokaushwa, akawachunguza mafuvu, na mwaka 1807 akatangaza kwamba si mamba wa Nile wa kawaida. Alimwita suchus, akimchukulia jina la Kigiriki la mungu Sobek, na kudai ni mdogo na mpole zaidi. Wataalamu walimpuuza kwa takriban karne mbili. Mwaka 2011 Evon Hekkala na wenzake walipima vinasaba vya vitoto vya mamba kutoka makaburi ya Misri, na vyote vilikuwa vya suchus, aina ambayo hivi leo inaishi zaidi Afrika Magharibi na ya Kati. Waswahili husema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Kumbe hata mamba kwa mamba walikuwa tofauti, na mto mmoja ulibeba wawili. Makuhani waliotia mikono kinywani walikuwa na kila sababu ya kumjua aliye mpole.

Jambo ambalo huenda walilijua mapema kuliko wote linaonekana migongoni mwa mamba waliokaushwa. Yule mamba wa Kom Ombo amebandikwa vitoto zaidi ya ishirini mgongoni. Mwingine, wa mita tatu, aliyeko Leiden nchini Uholanzi, alipopimwa upya mwaka 2016 alionekana ana vitoto 47 ndani ya vitambaa vyake, kila kimoja kimefungwa peke yake. Kwa nini vitoto? Ulaya ilimjua mamba kama mla watoto wake mwenyewe, na wasafiri waliomwona jike akiinua vitoto kwa meno waliandika hivyo kwa kuapa. Ilikuwa miaka ya 1970, nchini Afrika Kusini, ambapo Tony Pooley alifuatilia majike kwenye viota na kuthibitisha kinyume chake: mama husikia sauti za watoto ndani ya mayai, hufukua mchanga, huviweka vitoto kinywani, katika mfuko wa ngozi ulio sakafuni mwa taya, na kuvibeba hadi majini. Yai lililogoma hulibinya taratibu kati ya ulimi na kaakaa mpaka lipasuke. Ni mataya yaleyale yanayovunja fupa la nyati.

Mamba wametoweka katika Misri yote iliyo chini ya Aswan. Bwawa kuu lililokamilika 1970 limewazuia upande wa juu, katika Ziwa Nasser, ambako wamezaana sana. Hapo jirani, katika kijiji cha Wanubi cha Gharb Soheil, nyumba kadhaa hufuga mamba kwenye mabirika ya saruji, na juu ya milango hutundikwa mamba waliokaushwa. Mtalii akifika hupewa chai ya hibiski, kisha kijana wa nyumba hutumbukiza mkono birikani, huibuka na mamba mdogo, vidole vimezunguka mdomo wake. Mgeni hupiga picha yake, hulipa chochote. Mamba anaporudishwa majini hutangulia mkia, na mdomo ndio unaoachiwa mwisho.